Simu Iliyoomba Ruhusa

"—weee, toa mkono! Usiguse hapo!"

Huyo ni Fundi Tochi, jamani. Fundi Tochi ambaye hata panya akikatiza mezani kwake anampisha kwanza. Leo kapiga kelele mpaka mimi nyuma ya kaunta nimeruka.

Na mkono aliokuwa anaukemea ni wa Shemeji.

Mnakumbuka tulipoachana. Mlango wa duka umesukumwa, nimeganda kama nimepigiliwa msumari, na aliyeingia ni yule yule tunayemkimbia: mume wa dada yangu. Mpima ardhi. Suruali imenyooka, ananukia sabuni, tabasamu kila jino mahali pake.

Wewe uliyeokota hadithi hii leo, nakupa kwa pumzi moja. Dada kamkimbia mumewe wiki tano sasa. Hajawahi kumpiga hata kofi, ndiyo maana Mama mpaka leo anasema "una mume mzuri, rudi". Hapigi. Anauliza. "Saa nane na dakika kumi ulisimama kwenye duka la vitambaa, ukakaa dakika kumi na saba. Ulikuwa na nani?" Kila jioni. Miaka minne. Mwishowe akawa anafunga geti na kuondoka na ufunguo.

Dada akatoroka. Akaenda kwa rafiki yake wa shule, siku ya tatu gari la kijivu likasimama mlangoni. Akaenda kwa mama mdogo, siku ya tatu, gari la kijivu. Huko akashikwa mkono mbele za watu, akarudishwa, akakaa siku mbili ndani ya geti, akatoroka tena. Simu akaitupa chooni, akapata nyingine ya mtumba. Bado akapatikana!

Ndipo Fundi Tochi, bosi wangu, akaishika ile simu ya mtumba, akaikagua, akasema:

"Dada yangu, umehama nyumba lakini umehama na mchawi. Akaunti yako ya zamani umeiingiza humu humu, na neno la siri analo yeye. Tuung'oe mfumo wote, tupandikize mwingine. Upo ambao haumripoti mtu kwa mtu."

Basi ndiyo kazi iliyokuwa mezani. Simu imelazwa chali, imechomekwa waya kwenye kompyuta. Mfumo wa zamani umeshafutwa, mpya unaingia, mstari umefika asilimia arobaini na moja. Waya ukichomoka hapo katikati, simu inakuwa tofali, haiwaki tena.

Na Dada mwenyewe? Chini ya meza hiyo hiyo. Magoti yako puani.

"Samahani, bosi," Fundi Tochi akashusha sauti. "Waya huo ukitikisika tu, nimeua simu ya mtu."

"Ya nani?" Shemeji akauliza.

"Ya hakimu!" nikadakia. Msiniulize kwa nini. Ulimi wangu huwa unatangulia, mimi nafuata na viatu mkononi.

"Hakimu." Shemeji akainama kidogo. "Hakimu mwenye kava la vipepeo?"

Nikageuzia macho kwenye feni.

"Kwani hakimu wako wewe lazima awe na ndevu?" Fundi Tochi akasema, wala hakuinua kichwa.

Nilitamani kuibusu ile taa anayovaa kwenye paji la uso.

Lakini sikilizeni kosa langu, maana mnanipenda bure. Dukani kwetu kila simu ikiingia inabandikwa plasta nyeupe mgongoni: ya nani, inaumwa nini, ikipona iende wapi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Stashahada ya uhusiano wa umma, nilivaa joho na kofia, Mama akalia, nimeishia kuandika plasta. Na mkono ukishazoea haumuulizi mtu. Asubuhi Dada alipoikabidhi simu, mkono wangu ukaandika wenyewe, kwa herufi kubwa:

DADA. MFUMO MPYA. IENDE KWA BI MKASI, CHUMBA CHA NYUMA.

Maficho! Yenyewe! Yamelaliwa na simu, shubiri moja kutoka vidole vya mtu ambaye kazi yake ni kutafuta mawe ya mipaka yaliyofukiwa chini ya udongo.

"Shemeji yangu kipenzi," akanigeukia. "Mbona jasho?"

"Joto, shemeji."

"Feni hiyo hapo."

"Inapuliza upande wa Fundi."

Akacheka. Akavuta stuli, akakaa karibu na meza, mguu juu ya mguu. "Nimekuja kubandikiwa protekta ya kioo. Sina haraka."

Asilimia hamsini na tatu.

Nikaanza kufuta kioo cha simu yake. Protekta ya kwanza ikaingia vumbi. Ya pili ikapinda.

"Dada yako hajambo?" akauliza taratibu.

"Sijamwona, shemeji."

"Sikuuliza kama umemwona. Nimeuliza kama hajambo."

Jamani! Nikazidi kusugua kioo.

"Mama anasema humpigii siku hizi," akaendelea. "Mama analia. Mimi pia silali. Unajua, mimi kazi yangu ni kujua kila kitu kilipo. Watu wanapigania ukuta miaka kumi, nakuja na kifaa changu, nasema jiwe liko hapa. Wanachimba, wanalikuta. Hakuna kitu kinachopotea. Kuna watu wasiojua kutafuta tu."

"Ni kweli, shemeji."

"Leo unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, kama kawaida."

"Moja kwa moja nyumbani?"

"Niende wapi tena?"

Akanitazama. Akatabasamu. Nikashukuru swali limeisha, nikadhani nimelijibu vizuri.

Asilimia sitini na nane. Ikagoma.

Nilimwona Fundi Tochi akisogeza uso kwenye kioo cha kompyuta. Sitini na nane. Sitini na nane. Halafu taa ya kompyuta ikapepesa, mara moja, mara mbili.

Betri ya kompyuta ile ilikufa zamani, nyie. Inaishi kwa umeme wa ukutani tu. Na waya wake wa umeme unapita chini ya meza, mpaka kwenye soketi ya kurefusha umeme iliyo sakafuni, na Shemeji alipovuta stuli alikuwa ameisogeza kwa kiatu. Plagi inaning'inia.

Nikaona vidole.

Vidole vya Dada, vimetokeza taratibu chini ya meza, vikaishika ile plagi na kuikandamiza. Rangi ya kucha imebaki nusu. Na kiatu cha mumewe kiko hapo, ungeweza kupitisha kiberiti katikati yao, viwili usingeweza.

Fanya kitu! nikajiambia. Nikaangusha kopo la skrubu.

Kopo zima! Zikamwagika kama mvua, zile ndogo ndogo ambazo ukizikanyaga hujui mpaka uone damu.

"Pole, ngoja nikusaidie," Shemeji akasema, akaanza kuinama.

Nimeua! Nimemuua dada yangu kwa mikono yangu!

"Simama hapo hapo!" Fundi Tochi akabweka. "Usiiname, usisogee, usipumue! Hizo ni skrubu za simu kumi na moja za watu. Ukisogeza mguu zimechanganyika, na mimi leo sina maisha mengine ya kuzipanga. Inua kiatu. Hicho. Rudi nyuma. Mlangoni kabisa, bosi, nakuomba."

Mpima ardhi mzima akarudi nyuma kwa ncha za vidole mpaka mlangoni. Mimi nikapiga magoti kati yake na meza, nikajitandaza kama mkeka, naokota skrubu huku vidole vya Dada vimegusa kiwiko changu. Vilikuwa vya baridi.

Sabini na mbili. Themanini. Tisini!

Simu ya Shemeji ikaita huko kaunta. Mteja wake, kiwanja, majirani wameshikana mashati. Akaichukua na protekta yake iliyopinda, akaniinamia sikioni.

"Ukimwona, mwambie geti liko wazi."

Akaondoka. Gari la kijivu likaondoka.

Nikaiendea ile simu, nikainyanyua kidogo bila kutikisa waya, nikabandua plasta, nikaitia mdomoni nikaitafuna. Msicheke. Ninyi mngefanyaje?

*

Mia moja.

Dada akatoka chini ya meza akiwa ameshika kiuno kama bibi wa miaka tisini. Kioo kikawa cheusi. Tukashikana mikono wote watatu. Cheusi bado. Halafu katikati pakatokea duara dogo jeupe, likazunguka, likazunguka, likaandika: Karibu.

"Imepona?" Dada akanong'ona.

"Imezaliwa," Fundi Tochi akasema, akafuta miwani kwa shati.

Akampa. Dada akakipapasa kioo upande huu, upande ule, uso ukaanguka.

"Mbona haina kitu? Iko kama nyumba ya kupanga, imefagiliwa tu. Picha zangu?"

"Zile ulizonakili kwenye kadi zipo. Zilizokuwa kwenye akaunti, ziache."

"Lile kundi letu la wasichana wa shule?"

"Liache."

"Na zile video za mapishi?"

"Utapika kwa kumbukumbu." Fundi Tochi akavuta stuli. "Nisikilize, dada yangu. Sharti ni moja. Akaunti ya zamani usiiingize humu hata kwa dakika moja, hata kuchungulia tu. Ukiiingiza, kazi yangu yote nimepaka rangi nyumba ya nyoka. Namba ni mpya, ninayo mimi na mdogo wako basi. Sasa fungua ramani, tuone kama inafanya kazi."

Dada akabonyeza. Katikati ya kioo kikatokea kijisanduku. Akakisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Programu hii inaomba kujua mahali ulipo. Ruhusu. Ruhusu mara hii tu. Kataa."

Akanigeukia.

"Bonyeza, Dada," nikamwambia. "Ni swali la kawaida tu."

"Inaniuliza mimi?"

"Inakuuliza wewe."

"Nikisema hapana?"

"Ni hapana," Fundi Tochi akasema. "Haitanuna."

Jamani, Dada alilia. Hakulia alipofungiwa geti, hakulia alipotolewa kwa mama mdogo kama mwizi wa kuku, akaja kulilia kijisanduku. "Miaka minne," akasema, kamasi na machozi vimekutana, "hakuna aliyewahi kuniomba ruhusa. Hata ya kufungua mlango wa bafu."

Akabonyeza Kataa. Akafungua tena ili imuulize tena. Akabonyeza Kataa. Mara tano! Fundi Tochi akageukia ukuta akajifanya anatafuta bisibisi.

"Nendeni," akasema huko huko ukutani. "Wewe, nakupa ruhusa leo, msindikize. Kabla sijabadilisha mawazo."

Saa tisa kasoro tukawa kwenye teksi.

*

Kwa Bi Mkasi ni karakana ya cherehani. Mlango wa bluu, mashine kumi na mbili, wanawake kumi na wawili, na mlima wa sare za shule mpaka dirishani. Bi Mkasi mwenyewe ni mama wa makamo, mkanda wa kupimia shingoni, na mkasi wake wa chuma haushuki mkononi hata akila. Aliwahi kufanya kazi na Dada zamani, kabla ya ndoa. Alimtazama tu.

"Bado unajua kupachika mifuko?"

"Najua, Bi Mkasi."

"Chumba cha nyuma. Godoro liko juu ya marobota. Hapa hatuulizi habari ya mtu, tunauliza urefu wa suruali."

Tukaingia. Dada akajitupa kwenye godoro, akacheka kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Tukaanza kuota: atafanya kazi hapa miezi sita, kisha tutapanga mimi na yeye, chumba na sebule, tutanunua pazia la maua makubwa. Nikamwambia mimi nataka na kioo kirefu. Akasema kioo kirefu cha nini, umbo lenyewe hilo?

Nikafungua dirisha dogo tupate hewa.

Gari la kijivu.

Mtaa ule ule. Limesimama ng'ambo ya barabara, injini inanguruma, na Shemeji ndani ameinamia simu yake.

"Dada."

Hakuuliza. Aliona uso wangu, akateleza kutoka kwenye godoro akakaa chini ya dirisha, mgongo ukutani.

"Imenisaliti," akanong'ona. Aliitazama simu mpya kama mtu anayemtazama mtoto wake akiiba. "Hata hii. Hata hii!"

"Haiwezekani! Haina akaunti!"

"Basi alisoma plasta yako!"

"Hakusoma, nimeitafuna! Angesoma angekuja moja kwa moja mlangoni, asingesimama pale anababaika. Anajua mtaa, hajui mlango."

"Nani mwingine anajua niko hapa?"

"Fundi. Na mimi."

Tukatazamana.

Na mimi.

Nikatoa simu yangu mfukoni. Simu yangu nzuri, nyembamba, ile inayopiga picha kama studio. Mnajua nilipewa na nani? Siku ya mahafali. Akanikalisha kwenye kochi, akasema, "Ngoja shemeji yako akupangie kila kitu, wewe utaharibu." Akapanga. Akaingiza akaunti. Nikamshukuru! Nilimpigia magoti!

Nikafungua ramani. Nikaingia kwenye mipangilio, ndani, ndani zaidi, mahali ambapo mimi mfanyakazi wa duka la simu sijawahi kufika. Kinyozi hajinyoi. Na hapo pakaandikwa:

Unashiriki mahali ulipo na: Shemeji. Muda: mpaka utakapozima.

Siku ya tatu. Kila mara ni siku ya tatu, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Kwa sababu siku ya tatu ndiyo niliyokuwa naenda kumtembelea! Kwa rafiki yake wa shule, nilipeleka nguo. Kwa mama mdogo, nilipeleka dawa ya kichwa. Mchawi tuliyemng'oa kwenye simu ya Dada alikuwa anatembea na miguu yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Dada, ni mimi. Kumbe ndiyo maana alikuwa ananiuliza natoka saa ngapi."

Nilingoja anizabe kofi. Lingenisaidia.

Akanishika shavu. "Zima hiyo kitu."

"Nikizima sasa, alama inakufia hapa hapa. Ataanza kugonga mlango mmoja mmoja." Kichwa kikaanza kwenda mbio, hamjawahi kuona. "Inabidi iondoke. Ikiwa hai."

Nje mlango wa gari ukafungwa, pu! Nikasikia viatu. Nikasikia ile sauti ya upole kwenye mlango wa bluu.

"Habari za kazi, akina mama. Namtafuta mke wangu."

"Mke?" Hiyo ni sauti ya Bi Mkasi, na mkasi unalia kacha, kacha. "Hapa tuna sare tu, baba. Wewe uko darasa la ngapi?"

Wanawake kumi na wawili wakaangua kicheko. Nikatokea mlango wa uani.

Nilikimbia kama mtu aliyeachwa na mazishi. Kona, kichochoro, kona, nikatokea barabara kubwa. Pale kuna duka la magodoro, na lori limepakiwa mpaka juu, dereva anakaza kamba ya mwisho.

"Kaka, unaelekea wapi?"

"Mbali. Mpaka kule kiwanda cha saruji, na mbele zaidi."

"Safari njema!"

Akashangaa kidogo, akapanda. Mimi nikazunguka nyuma, nikaichomeka simu yangu ya mahafali, picha zangu zote, maisha yangu yote, kati ya magodoro mawili ya sita kwa sita. Ikalala vizuri kuliko mimi nitakavyolala mwezi mzima.

Lori likanguruma. Likaingia barabarani. Nikajibanza nyuma ya nguzo ya tangazo.

Dakika moja. Mbili.

Likatokea! Gari la kijivu likatoka mtaani taratibu, Shemeji macho kwenye kioo cha simu, uso umekunjamana. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akapita mbele yangu, mita sita, hata hakuniona, maana alikuwa anamtazama yule mimi wa kwenye ramani. Akakanyaga mafuta. Akalifuata lori la magodoro.

Nilicheza pale barabarani! Peke yangu! Mama mmoja akavuta mtoto wake pembeni.

*

Nilirudi nikiimba. Nimemwokoa dada yangu! Nikasukuma mlango wa bluu, mdomo umeshafunguka kusimulia, nikakuta mashine zote zimenyamaza.

Kumi na mbili. Hata moja hailii.

Dada hakuwa chumba cha nyuma. Alikuwa amekaa katikati ya karakana, kwenye mashine iliyotazama mlango, kavua mtandio aliokuwa akijificha nao wiki zote tano. Simu mpya iko sikioni.

"Ndiyo," alikuwa anasema. "Hapana, siyo huko. Huyo mdogo wangu hayumo kwenye hilo lori unalosema. Geuza gari. Kwa Bi Mkasi, mlango wa bluu. Ndiyo, nipo. Nakungoja."

Akakata.

"Dada," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Unamjua."

"Umempigia? Umempigia wewe mwenyewe? Una wazimu? Nimetoka kutupa simu yangu kwenye magodoro! Alikuwa anakwenda kiwanda cha saruji! Tungepata siku tatu, wiki, mwezi!"

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Baada ya mwezi. Simu nyingine? Mtaa mwingine? Wewe uache kuja kunitembelea? Mama nisimwone mpaka azikwe?" Alikuwa anatetemeka, nisiwadanganye. Magoti yanagonga mashine, nasikia sindano inalia tiki tiki. Lakini macho hayakutetemeka. "Fundi amemtoa kwenye simu yangu. Kumtoa kwenye maisha yangu ni kazi yangu, mdogo wangu. Hiyo haiwekwi kwa waya."

"Atakushika mkono kama kwa mama mdogo!"

"Kwa mama mdogo nilikuwa peke yangu."

Nikageuka. Wanawake wote kumi na wawili walikuwa wamesimama, kila mmoja kando ya mashine yake. Mmoja mjamzito. Mmoja mzee ana kikohozi. Bi Mkasi akatembea mpaka mlangoni, nikashusha pumzi nikijua anakwenda kufunga.

Akafungua. Akafungua na lile bawa la pili la mlango, ambalo halijafunguliwa tangu mashine ziingizwe, akasukuma kwa bega mpaka bawaba zikapiga kelele, karakana nzima ikajaa mwanga wa jua na mtaa mzima ukawa unatuona.

"Kama ana la kusema," akasema, "aseme wote wasikie."

Tukasikia breki.

Gari la kijivu likasimama, limekaa upande, tairi moja juu ya ukingo. Shemeji akashuka. Suruali haikuwa imenyooka tena. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa anatabasamu, na mkononi alikuwa na bahasha ndefu ya kaki.

Dada akasimama. Mimi nikamshika kiuno kwa nyuma, wala sijui nilikuwa namzuia asiende au namzuia asianguke.

"Umechelewa," akamwambia mumewe, "kwa dakika kumi na saba. Ulikuwa na nani?"

Nyie! Jamani! Alichotoa kwenye ile bahasha, na jinsi Bi Mkasi alivyokisoma kwa sauti mbele ya mtaa mzima, nawaambia kesho asubuhi. Sasa hivi niacheni ninywe maji kwanza.